Kupanda Amani wakati wa kaskazi: mwongozo kwa anayetoka Tanga mjini

Kila ikifika Desemba, kaskazi na joto lake vikianza, maswali huwa yale yale. Nibebe maji lita ngapi? Raba za kawaida zinafaa? Naweza kutoka Tanga saa mbili asubuhi nikapanda na kurudi siku hiyo hiyo? Kwa kifupi: lita nne, zinafaa zikiwa na meno, na hapana. Anayetaka kujua kwa nini, aendelee kusoma.

Njia inayoelezwa hapa inaanzia Sigi, lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, chini ya milima ya Usambara Mashariki, inapanda hadi Amani na kurudi. Ukifuata barabara ni kama kilomita 7 za kupanda, na mwinuko unazidi mita mia nne. Umbali huo haumtishi mtu mwenye afya. Kinachowashinda wengi ni saa waliyoanza kutembea. Aliyeondoka Sigi saa moja asubuhi na aliyeondoka saa nne hawakupanda mlima mmoja, hata kama wamekanyaga njia ile ile.

Mambo matatu uyajue kabla ya kufunga begi. La kwanza ni jua. Mwanzoni mwa Machi jua la Tanga linapita utosini kabisa, na katika Februari yote halifiki kileleni saa sita kamili bali yapata saa sita na dakika arobaini. Joto la hewa nalo huchelewa zaidi, likakolea saa nane hadi saa tisa. Ndiyo maana mtu anayesema "nitapumzika saa sita, saa saba niendelee" anaondoka kivulini wakati mbaya kuliko wote.

La pili ni jasho. Watu wa Pwani tunajidanganya kwamba joto tumelizoea. Msitu wa chini pale Sigi una kivuli, lakini hauna upepo, na hewa yake imejaa unyevu. Jasho linalokupoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Likianza kudondoka kwenye kiwiko na kidevu, ujue mwili unapoteza maji na chumvi bila kupoa sawasawa.

La tatu ni la kufurahisha: kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Amani iko karibu mita 900, kwa hiyo huwa na ubaridi wa digrii tano au sita kuliko Tanga mjini. Mpango mzima wa safari hii ni kufika juu mapema, kulisubiria joto huko juu, kisha kushuka likishapungua.

Nani asubiri hadi kusi

Mwenye selimundu (sickle cell) asipande wakati wa kaskazi. Kukaukiwa maji na kuchoka sana ni vitu viwili vinavyoamsha maumivu, na msituni hakuna wa kukuwekea dripu. Mjamzito asubiri pia. Anayetumia vidonge vya presha, hasa vile vinavyokojosha, au mwenye kisukari, aongee na daktari wake kwanza. Aliyekuwa na homa, malaria au kuharisha ndani ya wiki hiyo aahirishe, hata kama anajiona yuko fiti. Aliyekesha kwenye bia, vilevile.

Na aliyefunga asipande. Miaka hii Ramadhani inaangukia katikati ya kaskazi, na kila mara kuna kijana anayetaka kupanda na saumu yake. Mlima unasubiri Shawwal.

Unayefanya kazi kwenye kiyoyozi kutwa, anza kujizoesha siku kumi hadi kumi na nne kabla: tembea kwa haraka jioni, saa moja au saa na nusu, jua likiwa bado lipo. Mwili unajifunza kutoa jasho mapema na kupoteza chumvi kidogo kuliko mwanzo. Hakuna njia ya mkato.

Vitu vya kuwa navyo

Maji lita 4 kwa kila mtu. Tatu ni za kunywa, moja ni akiba ya kumwagia mwili au kumsaidia mwenzio. Beba chupa za lita moja na nusu badala ya dumu moja. Dumu likipasuka umekwisha, na huwezi kujua umekunywa kiasi gani. Chupa moja ijaze robo tatu tu, uigandishe usiku. Ukiijaza hadi juu itapasuka.

Pakiti mbili za dawa ya chumvichumvi kwa kila mtu, kutoka duka la dawa. Pakiti nyingi zinazouzwa ni za lita moja ya maji, lakini soma maandishi kwanza. Ukikosa, tengeneza mwenyewe: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, imwage.

Chakula kinachobeba chumvi na kisichoharibika: karanga za chumvi, mihogo ya kuchemsha, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, kashata. Machungwa ya Muheza yakiwepo, nunua. Wali wa nazi uache nyumbani, kwenye joto hili hauchukui muda kuchacha.

Kofia pana inayofunika shingo, shati jepesi la mikono mirefu, suruali isiyobana. Jeans haifai: ikilowa jasho inakuwa nzito na inachubua mapaja. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kwenye vidole vya miguu kabla ya kuvaa, usingoje mpaka paanze kuwaka.

Raba zenye meno na soksi, pamoja na jozi ya pili ya soksi. Kandambili, sendozi na yeboyebo vibaki Sigi kwa ajili ya jioni. Kanga moja kwa kila mtu, hata wanaume: unailowesha na kuizungushia shingoni, unapepea nayo mgonjwa, unaikalia, na ikibidi unambebea mtu.

Vingine: tochi, filimbi, plasta pana, sabuni kipande, koti la mvua jepesi, simu iliyojaa chaji na yenye salio. Takataka zako zibebe kwenye mfuko wa kitambaa urudi nazo. Rambo, ile mifuko ya plastiki, zilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Hatua

1. Siku moja au mbili kabla, piga simu ofisi ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Uliza mambo manne: lango la Sigi linafunguliwa saa ngapi, njia zipi ziko wazi, kuna mwongoza wageni, na kiingilio cha sasa ni kiasi gani. Malipo ya serikali yanakwenda kwa kontroo namba, kwa hiyo hakikisha pesa imo kwenye simu kabla hujaondoka Muheza. Mtandao huku ni wa kubahatisha, na si vizuri kupoteza saa nzima ya ubaridi mkiwa mnainua simu juu getini.

2. Amua mtalala wapi. Lililo bora ni kufika jioni ya jana yake na kulala Sigi, kwenye nyumba za wageni za hifadhi. Unaamka uko mguuni mwa mlima. Kama lazima iwe siku moja, ondokeni Tanga saa kumi na nusu alfajiri kwa gari la kukodi. Swala ya alfajiri mtaiswali Muheza, na kabla ya saa moja mko Sigi. Msitegemee basi. Mabasi ya Amani yamepangwa kwa faida ya wenyeji: asubuhi yanashuka Muheza na mazao na abiria, mchana yanapanda. Wewe unataka kinyume chake. Bodaboda kutoka Muheza inawezekana, lakini patana ya kwenda na kurudi kwa pamoja, toa nusu, na nusu nyingine alipwe jioni.

3. Kunywa nusu lita ya maji ukiwa umebakiwa na muda wa saa mbili kabla ya kuanza kutembea, na ule kitu chepesi: chapati na chai, au uji. Angalia mkojo wa asubuhi. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, uko nyuma tayari. Kunywa nusu lita nyingine taratibu na usianze mpaka uone umepauka.

4. Jiandikisheni getini, muache namba ya simu na saa mnayotarajia kurudi. Hapo Sigi ndipo ilipo nyumba ya mkuu wa stesheni ya enzi za Wajerumani, kutoka wakati reli ilipofika hadi hapa kubeba mbao. Itazameni jioni mkirudi. Asubuhi kila dakika ina bei.

5. Anzeni kutembea ifikapo saa moja. Nusu saa ya kwanza tembeeni polepole mpaka mjione wajinga. Kipimo ni mdomo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuikata, mwendo ni sahihi. Ukianza kuongea maneno mawili mawili, punguza. Mwenye mwendo mdogo kuliko wote atangulie mbele, asiachwe nyuma. Akiachwa nyuma atajikaza kuwafikia, na kila anapowafikia anakuta mmeshapumzika na mnaondoka.

6. Kunywa kila baada ya dakika 15 hadi 20, mafunda makubwa manne au matano. Kwa saa inatoka nusu lita hadi robo tatu lita. Kutoka saa ya pili, maji yako yawe ya chumvichumvi kwa nusu: chupa moja ya maji matupu, moja ya dawa, zinapishana. Usipitishe lita moja kwa saa hata kama unaona kiu. Tumbo haliwezi kuyapokea, na maji matupu mengi yanaizimua chumvi ya mwilini.

7. Pumzikeni dakika 10 kila baada ya dakika 40, kivulini, begi likiwa chini. Kabla ya kukaa piga chini kwa fimbo na utazame: siafu hawana adabu, na kifutu hulala kimya kwenye majani makavu akiamini haonekani. Ukishakaa dakika tatu, hesabu mapigo ya moyo kwa nusu dakika. Yakizidi 55, mapumziko yaendelee na mwendo unaofuata upunguzwe. Loweka kanga kwenye kijito, kamua kidogo, weka shingoni. Maji ya kijito ni ya nje ya mwili tu. Ni kweli mto Sigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani na kuinywesha Tanga mjini, lakini yale ya bombani yametibiwa. Ukilazimika kunywa ya mtoni, chemsha au tumia vidonge vya kutibu maji na usubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti.

8. Msikate njia za panya. Mwenyeji anajua kichochoro kinachopita katikati ya iliki kinatokea wapi. Wewe kitakutoa kwenye shamba la mtu, au kwenye mteremko mkali wa udongo mwekundu. Jihadharini pia na sehemu za chini zenye mitiki. Kwenye ramani ya setilaiti zinaonekana kijani kama msitu, ila mtiki humwaga majani wakati wa ukame, ukakuta mmepanga kupumzika mahali jua linapopiga hadi chini.

9. Saa ya kugeuka ni saa nne na nusu. Kama hamjafika juu, tafuteni kivuli cha kudumu na mkae, au mshuke taratibu kama hakuna aliyezidiwa. Saa hii ikubalianeni getini, watu wakiwa na akili timamu. Msiijadili mlimani.

10. Mkifika Amani, vua viatu, badilisha soksi, kula kidogo kidogo, lala. Mnakaa hapa mpaka saa tisa, na hapana shida: bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 iko hapa hapa, ina miti ya kutoka kila pembe ya dunia, na kivuli chake ni cha bure ukishalipa kiingilio. Mwenye nguvu bado anaweza kuongeza kilima cha Mbomole kwa ajili ya kutazama mashamba ya chai, lakini afanye hivyo asubuhi kabla joto halijapanda, na aongeze lita moja ya maji. Sahani ya ugali iliyojaa mchana iache. Damu ikienda tumboni, miguu na ngozi zinagombania iliyobaki.

11. Jazeni maji upya, kisha mshuke saa tisa. Kaza kamba za viatu sehemu ya kifundo ili vidole visigonge mbele. Hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea. Kushuka kunachukua kama saa mbili, na saa kumi na moja jioni mnatakiwa muwe Sigi. Jua linatua kama saa moja kasorobo, ila chini ya miti mikubwa giza huwa limeshaingia nusu saa kabla.

Makosa yanayojirudia

Kunywa kinywaji cha kuongeza nguvu badala ya maji. Kina sukari na kafeini, moyo unakwenda mbio wakati ambao tayari unakwenda mbio.

Kutegemea madafu peke yake. Dafu ni zuri na mtu alinywe, lakini limejaa potasiamu. Chumvi ya kawaida unayoitoa kwa jasho ni kidogo mno ndani yake. Dafu moja na kiganja cha karanga za chumvi, hapo sawa.

Kuvua shati. Jua linapiga ngozi moja kwa moja, na upupu ukipata mgongo mtupu hausahauliki.

Kuweka akiba ya maji kwa kutokunywa. Watu wamezidiwa na joto wakiwa na lita mbili begini. Maji yakipungua, kinachopunguzwa ni safari.

Ikitokea tatizo

Misuli inakaza. Simama, nyoosha polepole, kunywa maji ya chumvichumvi, si maji matupu. Ikirudia mara ya tatu, safari ya kupanda imeisha kwa huyo mtu.

Kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kinauma, jasho jingi na ngozi baridi. Huyo joto limemlemea. Mlaze kivulini, miguu juu ya begi, mlegeze nguo, mlowanishe, mpepee, mpe chumvichumvi kwa mafunda madogo. Nusu saa inatosha kuona nafuu. Hata akisema amepona, siku hiyo hapandi tena. Anashuka jioni, begi lake likibebwa na mwingine.

Anaongea ovyo, anayumba, amekuwa mkali bila sababu, au amezimia, na mwili ni wa moto. Hiki ni kiharusi cha joto, kinaua. Usidanganywe na jasho: anaweza kuwa bado analitoa. Mpozeni kwanza, usafiri ufuate. Mvueni nguo, mwagieni maji yote mliyonayo mwili mzima, pepeeni kwa kanga bila kuacha, vitambaa vibichi shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa ndani. Kijito kikiwa karibu mlazeni ndani yake huku mmemshika kichwa. Msimpe kitu mdomoni akiwa hajitambui, wala panadol. Mmoja akatafute mtandao apige getini au 112. Aletewe gari, mgonjwa anayezimia hakai kwenye bodaboda. Hospitali ya karibu ni Teule pale Muheza. Bombo iko Tanga mjini. Endeleeni kumpoza ndani ya gari mpaka aanze kujibu kwa akili.

Amekunywa maji mengi sana, vidole vimevimba, anatapika, kichwa kinauma na mkojo ni mweupe kama maji. Hapo chumvi ndiyo imeshuka. Mzuieni maji matupu, mpeni karanga za chumvi kama anaweza kula. Akianza kuchanganyikiwa, hospitali haraka.

Lengelenge mguuni. Lizibe kwa plasta likiwa bado ni wekundu tu. Likishajaa maji usilitoboe njiani.

Upupu. Usikune na usipanguse kwa mkono, unausambaza. Bandika plasta pana juu yake na uibandue ili ing'oe vinyweleo, rudia kwa kipande kipya, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Nguo iliyoguswa ivuliwe.

Siafu wameingia suruali. Toka kwanza kwenye msafara wao, hatua kumi au zaidi, ndipo uvue. Watu huvua wakiwa wamesimama pale pale.

Nyoka ameuma. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Vua pete na saa, funga mguu au mkono na kijiti usicheze, mtu abebwe, apelekwe hospitali. Kumkimbiza nyoka ili mumwonyeshe daktari kunaongeza mgonjwa wa pili.

Mvua kubwa imewakuta. Usambara Mashariki hunyesha hata miezi ambayo Tanga mjini kuna vumbi. Subirini ipungue mbali na vijito na miti mikavu, kisha mshuke kwa barabara ya gari badala ya njia ya msituni. Ule udongo mwekundu ukilowa, meno ya raba yanajaa tope na hayashiki tena. Yakwangueni kwa kijiti kila baada ya muda.

Mmepotea. Simameni. Rudini kwa njia mliyojia hadi mahali mnapopakumbuka, na pulizeni filimbi mara tatu kila dakika. Msifuate kijito kushuka mkidhani kitawatoa. Vijito vya huku vinaishia kwenye maporomoko.

Bodaboda hajatokea na saa kumi na mbili imepita. Ombeni nafasi ya kulala Sigi, mpige simu nyumbani wakati mtandao upo, na asubuhi mdake basi linaloshuka kutoka Amani. Huwa linapita mapema, kwa hiyo alfajiri muwe barabarani tayari.